Mgongo wa Tela

Plaiwudi ya kwanza ilivunjika Jumanne.
Mlio wake ulimtoa muuza mkaa dukani
aje aone nani kapigwa.
Mali ya Mafinga, milimita tisa,
imelala chini vipande viwili
kama biskuti iliyokaliwa.

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mlimani.
Nilibeba, kisha nikapika:
Shira, Karanga, Barafu,
supu ya matango, bisi za saa kumi.
Jioni nilisimamisha mahema ya watu,
alfajiri nikayaangusha,
nikayakunja na umande wake ulioganda.
Kulala nje kwa kupenda mwenyewe,
sijawahi.

Magoti yalipogoma nikanunua ekseli ya Pijo
kwa mchomeleaji wa Pasua.
Sakafu ikaja. Kuta mbili zikasimama,
juu nimezikata tao,
tela likawa mkate uliokosa ganda.
"Piga bati mbili bapa, Baba, tumalize,"
akasema Elinami.
Bapa ni meza.
Kwenye bapa maji hukaa na kuagiza chai.
Mimi nataka paa linaloanzia puani,
lipande polepole kama njia ya Machame,
lifike, lipumue,
lishuke nyuma bila kuteguka.

Nikaenda nyuma ya hospitali ya Mawenzi
kwa Mbwambo, fundi majeneza.
Akaigeuza plaiwudi iliyobaki, akaipapasa
kama mtu anayetafuta homa.
"Nyuzi zake zinalala huku, wewe unaipindia kule.
Chana mifereji upande wa ndani, kila vidole viwili,
msumeno usitokeze ng'ambo.
Halafu magunia. Halafu maji ya moto.
Halafu usiwe na haraka."
Pesa akakataa.
"Miaka yote napinda vifuniko," akasema,
"hakuna mteja aliyewahi kunisifia dari."

Samaki mkunje angali mbichi, tulifundishwa.
Waliotufundisha hawakuwa na birika tatu jikoni.
Aikande alichemsha, Elinami alimwaga,
magunia ya kahawa yakafuka harufu ya ghala,
nami nikakaza kamba za mpira wa tairi,
kidole kimoja kwa saa,
nikisikiliza.
Ubao husema kabla ya kuvunjika,
sauti ndogo, kama panya anayefikiri.
Ukiisikia, unalegeza.
Unakunywa chai. Unarudi.

Wapita njia:
Mzinga wa nyuki?
Tanuru?
Choo cha kuhama?
Mtoto mmoja wa shule akauliza
kama kobe yuko ndani.
Nikamwambia bado, anatafuta godoro.

Jumapili Elinami akafungua kamba.
Mimi nilisimama mbali, mikono nyuma,
kama mtu asiyehusika.
Halikurudi.
Lilibaki vile vile limeinama,
nami nikaona haya kwa sababu macho yalikuwa yamelowa
na muuza mkaa alikuwa anatazama.

Juu yake nikagandisha turubai la hema kuukuu
ambalo kampuni ililitupa, nikaliokota,
namba saba bado iko ubavuni.
Rangi ya mafuta, kijani, mikono mitatu.
Namba saba nikaiacha.
Aikande akalizunguka mara mbili.
"Umejenga msonge wa bibi yako," akasema,
"ukautia magurudumu."
Sikuwa nimeliona hilo.
Nyasi hadi chini, ng'ombe upande ule, sisi upande huu,
na juu yetu giza lenye umbo la bakuli.

Usiku ule hatukwenda popote.
Tela halina hata taa za nyuma.
Tulilala hapo hapo uani,
kati ya banda la kuku na tangi la maji,
na saa nane mvua ikaanza.
Nikaisikia inapanda, inavuka juu ya kichwa,
juu ya tumbo, juu ya magoti yangu mabovu,
inateremka, inakwenda zake.

"Linavuja," akasema Aikande.
Wapi?
"Huku kwangu. Tone moja. Usiamke."
Akanyoosha mkono gizani,
akaweka kikombe.